Nafasi Hewa Katika Kompyuta za Umma Zihesabiwe

Kila askari aliyepita mafunzoni anajua ya kuwa bunduki huhesabiwa inapotoka ghalani na huhesabiwa tena inaporudi. Risasi zilizotolewa asubuhi hutafutiwa jawabu jioni, na ikipungua moja, kambi nzima hailali. Ndivyo ilivyo pia katika bohari ya chakula: mwenye funguo huandika magunia ya posho na ya maharagwe yaliyoingia, yaliyoliwa na yaliyobaki. Nidhamu hiyo haikuletwa ili kuwasumbua watu. Ililetwa kwa sababu mali ya umma isiyohesabiwa huwa haina mwenyewe, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini iko bohari nyingine, yenye thamani kubwa kuliko ile ya magunia, ambayo hesabu yake mara nyingi huachiwa fundi mmoja aliye chumba cha nyuma. Nayo ni ghala la kumbukumbu lililomo ndani ya kompyuta. Leo twataka kuzungumza na ndugu zetu askari jeshi na polisi juu ya ghala hilo, na hasa juu ya desturi mbaya ya kuipa ofisi nafasi kubwa isiyoitumia, huku ofisi ya jirani ikikosa pa kuandika. Sisi twaiita nafasi ya namna hiyo nafasi hewa, na twaamini ya kuwa wakati umefika wa kuipunguza, kwa utaratibu na bila papara, mpaka ilingane na matumizi ya kweli.

KUMBUKUMBU ZIMEHAMA

Zamani jalada la mhalifu lilikuwa karatasi iliyofungwa kwa uzi, nayo alama za vidole zilichukuliwa kwa wino juu ya kadi. Majalada hayo yangalipo katika vituo vingi, lakini njia ya taifa imekwisha kugeuka. Mwaka 2014 Uganda ilianza kuwaandikisha wananchi wake kwa wingi ili wapewe vitambulisho vya taifa, na alama za vidole vya mamilioni ya watu zikaingizwa katika kompyuta. Mwaka 2015 sheria ya uandikishaji wa watu ilianzisha mamlaka ya kulitunza daftari hilo, yaani NIRA. Novemba 2019 kituo kikuu cha kuongoza kamera za polisi kilizinduliwa pale Naguru, baada ya kamera zaidi ya 3,000 kufungwa katika Kampala na vitongoji vyake. Mishahara ya watumishi wa Serikali nayo hupita katika mitambo ya hesabu.

Kwa hiyo askari wa leo, apende asipende, anaishi ndani ya kompyuta. Jina lake, tarehe ya kuajiriwa kwake, cheo chake, mshahara wake, na jina la mke atakayedai haki zake endapo yeye ataanguka vitani, yote hayo yaweza kuwa mistari michache katika hifadhidata, yaani daftari kuu la taarifa lililopangwa ili jambo lolote lipatikane upesi. Mwenye kudhani kwamba habari ya ghala la kompyuta ni ya mafundi peke yao na ajiulize mshahara wake utakuwaje siku daftari hilo litakapokataa kuandika.

GHALA, CHUMBA, SAKAFU NA KABATI

Ili tuelewane vizuri, inafaa kwanza tueleze jinsi ghala hilo lilivyojengwa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iitwayo RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 za chuma zilizozunguka, nazo zote pamoja ziliweza kuhifadhi herufi zipatazo milioni 5 tu. Leo diski moja inayotoshea katika kiganja cha mkono huhifadhi maradufu ya maelfu ya kiasi hicho. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni hiyohiyo, alieleza jinsi ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, na mpango wake ndio msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika hata sasa.

Likabaki swali la kugawa nafasi. Hapo kwanza diski moja ilikuwa kama nyumba yenye kuta za mawe: ukishaijenga, hukuweza kusogeza ukuta. Katika miaka ya 1990 ukaenea utaratibu mwingine. Diski nyingi huunganishwa kuwa ghala moja la pamoja, kisha ghala hilo hugawanywa kwa kuta za mbao ambazo zaweza kusogezwa bila kuvunja nyumba. Kila sehemu iliyogawanywa hivyo mafundi huiita voliumu ya kimantiki. Sisi katika makala haya tutaiita chumba. Ndani ya chumba hutandikwa sakafu, yaani mfumo wa mafaili. Juu ya sakafu huwekwa kabati, nalo ni mafaili ya hifadhidata. Na ndani ya kabati ndimo zilimo karatasi zenyewe, yaani majina, alama za vidole na hesabu.

Basi msomaji na aishike vema tofauti hii, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. Chumba chaweza kuwa kikubwa na kabati likawa dogo. Kabati laweza kuwa kubwa na karatasi zikawa chache. Mkubwa akiuliza, "Mnatumia nafasi kiasi gani?" naye akajibiwa kwa kupimwa chumba, basi amedanganywa, hata kama aliyemjibu hakukusudia kumdanganya.

MARADHI YENYEWE

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Ghala moja lina gigabaiti 10,000. Ofisi tano zimegawiwa sawasawa, kila moja gigabaiti 2,000. Ofisi ya kwanza imetumia 300, ya pili 450, ya tatu 250 na ya nne 600. Ofisi ya tano imetumia 1,900, na kila mwezi kumbukumbu zake huongezeka kwa gigabaiti 50. Ni dhahiri kwamba baada ya miezi miwili ofisi ya tano itakuwa haina pa kuandika. Mkuu wake ataandika barua ya kuomba diski mpya. Barua itapanda ngazi, zabuni itatangazwa, fedha za kigeni zitatafutwa, na mzigo utasubiriwa kutoka ng'ambo. Kumbe katika vyumba vya ofisi nne za jirani, ndani ya ghala lilelile, mna gigabaiti 6,400 ambazo hazina kitu.

Ndugu askari, hali hiyo yafanana na kombania moja kulala chini ya mvua huku mahema ya kombania nyingine yamekunjwa bohari, kwa kuwa tu yameandikwa kwa jina la wengine. Kamanda akiyaona hayo hawezi kuagiza mahema mengine kutoka Kampala. Ataamuru kwanza yaliyokunjwa yakunjuliwe.

Maradhi haya yana asili yake. Asili ya kwanza ni hofu. Fundi akumbukaye jinsi chumba kilivyojaa usiku wa manane huomba mara tano ya mahitaji yake, ili asiamshwe tena. Asili ya pili ni mwisho wa mwaka wa fedha. Inapokaribia tarehe 30 Juni, ofisi yenye fedha iliyobaki huona heri kununua chochote kuliko kuirudisha hazina. Asili ya tatu ni majivuno, maana wako wakubwa wanaodhani kwamba ukubwa wa chumba ndio ukubwa wa cheo. Hofu yaweza kusamehewa, lakini hizo mbili nyingine hazina udhuru.

TULIKWISHA KUYAONA

Taifa letu halihitaji kufundishwa na wageni hasara ya kuandika kisichokuwapo. Mwaka 2003 nchi ilitikiswa na uchunguzi juu ya askari hewa: majina yaliyokuwa katika orodha ya mishahara, bali hayakuwa na watu gwarideni. Fedha ilitolewa, chakula kilitolewa, na nguvu za jeshi zilikadiriwa kwa majina hayo, lakini siku ya mapambano jina halikushika bunduki. Aliyeumia kwanza alikuwa askari wa kweli, aliyewekwa mstari wa mbele pamoja na wenzi wachache kuliko alioambiwa kwamba anao.

Nafasi hewa katika kompyuta si uhalifu wa namna ile, wala hatutaki kumtuhumu fundi yeyote kwa wizi. Lakini madhara yake hufuata njia ileile. Taarifa ya makao makuu husema kwamba ghala limegawiwa lote, kwa hiyo limejaa. Wapangaji huamini, nao huagiza jingine. Siku ya haja, kumbukumbu ya kweli hukosa mahali pa kukaa.

Na haja hiyo haiji kwa kubisha hodi. Hifadhidata ikijaziwa chumba, haipungui kasi tu kama gari lililozidiwa na mzigo. Huacha kuandika, na nyingine husimama kabisa ili zisije zikaharibu zilichokwisha kuandika. Tuseme ni usiku, na polisi wa zamu amemkamata mtu anayetafutwa. Alama za vidole zimechukuliwa, lakini mtambo hauzipokei. Au tuseme ni mwezi wa mishahara, na mjane wa askari amesafiri kutoka Kitgum hadi Kampala kwa basi, akiwa na hati zake mkononi, akaambiwa arudi juma lijalo kwa sababu mtambo umekwama. Nauli yake hairudishwi na mtu. Kumweleza mjane huyo kwamba chumba cha jirani kina nafasi tele si kumsaidia, ni kumwongezea uchungu.

"DISKI NI RAHISI"

Tunajua ya kwamba wako watakaotupinga. Watasema kuwa bei ya diski hushuka mwaka hata mwaka, na kwamba mshahara wa fundi atakayekaa kupima vyumba ni ghali kuliko diski yenyewe. Watatukumbusha kwamba akiba haiozi. Hoja hiyo ina uzito, na yastahili kujibiwa kwa heshima.

Jawabu letu la kwanza ni kwamba gharama ya ghala la umma haiishii dukani. Kuna umeme wa kuliendesha, na mashine za kulipoza katika joto la mchana. Kuna ghala la pili la nakala za akiba, na mara nyingi la tatu lililo mbali, ili moto au mafuriko yasiteketeze yote. Zipo njia za kunakili zinazobeba chumba kizima, pamoja na pembe zake zilizo tupu. Ikitumiwa njia hiyo, chumba cha gigabaiti 2,000 chenye kumbukumbu 300 huwa mzigo mkubwa bure kila usiku. Na siku ya maafa, kukirudisha huchukua saa nyingi ambazo vikosi havina.

La pili ni kwamba akiba ni kile kinachojulikana na wote, kilicho chini ya ufunguo wa mkuu mmoja, kinachoweza kupelekwa penye haja. Kilichofichwa na ofisi moja ndani ya chumba chake hakiwezi kuitwa akiba, kwa kuwa siku ya haja hakuna ajuaye kama kipo. Methali ni ya kweli. Ni matumizi yake ndiyo yaliyopotoshwa.

KUPUNGUZA KUNA NIDHAMU YAKE

Je, basi twataka mafundi wakurupuke kesho wakate vyumba vyote? Hasha! Kupanua chumba ni kazi nyepesi, na katika mitambo mingi ya leo hufanywa huku watu wakiendelea na kazi. Kupunguza ni kazi ya hatari. Asiyejua utaratibu wake aweza kukata ukuta ukapita katikati ya kabati, na kumbukumbu za miaka kumi zikaangamia kwa dakika moja.

Historia yetu imetupa mfano mwema. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda ilipunguza jeshi lake, na askari zaidi ya 36,000 wakarudi uraiani. Hawakufukuzwa siku moja. Kazi ilifanywa kwa awamu tatu. Bodi maalumu iliundwa ya kuwasaidia. Waliopaswa kuondoka walitambuliwa, wakatayarishwa, wakapewa msaada wa kuanzia maisha, wakafikishwa wilayani kwao. Kilichotangulia kilikuwa kumjua mtu na mahali aendako.

Utaratibu wa kupunguza chumba cha kompyuta ni wa roho hiyohiyo, na twaueleza hapa ili mkuu asiye fundi aweze kuuliza maswali yanayostahili.

Kwanza, zipimwe hesabu nne kando kando: ukubwa wa chumba, ukubwa wa kabati, wingi wa karatasi zenyewe, na kiasi kinachoongezeka kila mwezi. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Ipimwe miezi kadhaa, pamoja na mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka, ambapo kazi huwa nyingi na hifadhidata huhitaji nafasi ya muda ya kupangia hesabu zake.

Pili, itengenezwe nakala ya akiba, kisha nakala hiyo ijaribiwe kwa kufunguliwa mahali pengine. Nakala isiyojaribiwa ni sawa na bunduki isiyopigwa hata risasi moja shabahani: yaonekana nzima, lakini hakuna awezaye kuiapia.

Tatu, kazi ianzie ndani na kwenda nje. Wengi hudhani kwamba ukifuta kumbukumbu za zamani, nafasi hurudi ghalani papo hapo. Sivyo. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, mistari iliyofutwa huacha mapengo ambayo jedwali lilelile laweza kuyajaza baadaye, lakini kwa kawaida kabati halipungui. Kulipunguza hudai jedwali liandikwe upya lote, na wakati huo jedwali hufungwa, tena huhitajiwa nafasi ya ziada ya kuandikia nakala mpya kabla ya ile ya zamani kuondolewa. Katika Oracle, faili haliwezi kukatwa chini ya mahali pa mwisho panapokaliwa na kumbukumbu, hata kama katikati mna uwazi mkubwa. Kwa hiyo karatasi zipangwe kwanza, kabati lipunguzwe la pili.

Nne, sakafu ipunguzwe kabla ya ukuta. Hii ni amri isiyo na msamaha. Katika kupanua, ukuta husogezwa kwanza, kisha sakafu hutandikwa kuufuata. Katika kupunguza, sakafu hukunjwa kwanza, kisha ukuta husogezwa taratibu, ukiachiwa nafasi kidogo ya usalama. Atakayeugeuza mpango huu atakata sakafu yenye vitu juu yake.

Tano, ijulikane sakafu ni ya aina gani. Ile iitwayo ext4 hukubali kukunjwa, lakini chumba hakina budi kufungwa kwanza, watu wakatoka. Ile iitwayo XFS, ambayo tangu mwaka 2014 ndiyo ya kawaida katika mitambo ya Red Hat, ilijengwa kwa ajili ya kukua, wala mtu asiitegemee kukunjwa. Hapo hujengwa chumba kipya kidogo kando, kumbukumbu zikahamishwa, zikahesabiwa upya mpaka zilingane na za kwanza, ndipo chumba cha zamani kivunjwe. Kazi zote za namna hii zipewe saa yake na idhini ya maandishi, na wenye kutumia mtambo wajulishwe mapema. Haraka haraka haina baraka.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Aliyesoma mpaka hapa ameona ya kuwa kupunguza ni kazi nzito. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutotoa nafasi kubwa tangu mwanzo. Shauri letu ni jepesi: chumba kianze kidogo, akiba ibaki ya pamoja, na kila ofisi iongezewe kwa kipimo na si kwa sauti ya mwombaji.

Turudi kwenye mfano wetu. Ofisi nne za kwanza zikiachiwa mara mbili ya matumizi yao, zitakuwa na gigabaiti 600, 900, 500 na 1,200. Jumla yake ni 3,200. Zitakuwa zimerudisha 4,800. Ofisi ya tano ikiongezewa 600 itapata uwazi wa 700, ambao kwa mwendo wa 50 kila mwezi watosha miezi 14. Na bado gigabaiti 4,200 zitabaki katika akiba ya pamoja, zikimngoja yeyote atakayepatwa na dharura. Hakuna diski iliyonunuliwa wala shilingi iliyotoka hazina.

Lakini kipimo kisiwe kimoja kwa wote. Daftari la watu hukua pamoja na watu. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 34.6 katika Uganda; ile ya mwaka 2024 ilihesabu milioni 45.9. Mwendo kama huo waweza kukadiriwa miaka mbele, isipokuwa pale itakapoamuliwa kuongezwa jambo jipya, kama picha ya mboni ya jicho, ambapo kumbukumbu ya kila mtu itanenepa ghafula. Picha za kamera ni jambo jingine kabisa. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa kila sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku moja. Kamera 3,000 za namna hiyo hujaza gigabaiti 129,600 kwa siku, na swali lake kubwa ni picha zitunzwe siku ngapi kabla ya mpya kuandikwa juu ya za zamani. Kuzipimia kamera kwa kibaba cha daftari la watu, au daftari kwa kibaba cha kamera, ni kukosea pande zote mbili.

Tena tuwaonye wakuu juu ya hila moja ya kisasa. Zipo njia za kuigawia kila ofisi chumba kikubwa kwa ahadi tu, nafasi yenyewe ikitolewa polepole inapotumika. Njia hiyo ina manufaa mikononi mwa mwangalifu. Mikononi mwa mzembe ni sawa na kuziahidi kombania tatu blanketi zilezile: ahadi itashika mpaka usiku wa kwanza wa baridi kali, na hapo wote watakosa kwa pamoja. Anayegawa kwa ahadi hana budi kulitazama ghala kila siku.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Twawaomba nini basi ndugu zetu wenye sare? Kwa wakuu, twaomba kwamba taarifa ya ghala la kompyuta isomwe katika mikutano yao kama inavyosomwa taarifa ya silaha na ya mafuta, nayo itaje mambo matatu: kilichogawiwa, kilichotumika, na miezi iliyobaki kabla ya kujaa. Ombi la kununua diski lisiloambatana na hesabu hizo lirudishwe lilikotoka. Na ofisi itakayorudisha nafasi isiyoihitaji ipongezwe mbele ya wengine, wala isiadhibiwe kwa kunyimwa siku itakapokuwa na haja ya kweli. Maana ukimwadhibu mkweli umewafundisha wote kuficha.

Kwa mafundi, wawe ni askari au raia, twaomba waandike kila wanachopima na kila wanachobadili, ili anayehamishwa kwenda Gulu au Mbarara asiondoke na elimu ya ghala kichwani mwake peke yake. Kwa makarani wa vituo na wa vikosi, twaomba wasiingize jalada moja mara tatu wala kupakia picha nzito pasipo sababu, kwani uchafu unaoingia mlangoni ndio unaojaza chumba. Lakini pia wasifute lolote kwa nia ya kusafisha. Jalada la jinai lina sheria yake ya kutunzwa, na kupunguza chumba hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kupoteza ushahidi. Kinachoondolewa ni uwazi. Kumbukumbu hubaki zote.

Kwa askari wa kawaida, ambaye hatagusa kamwe mtambo huo, twamwomba aulize. Ana haki ya kujua kama kumbukumbu zake zimetunzwa, na kama nakala yake ipo mahali pengine. Swali la askari mmoja laweza kumwamsha mtunza ghala aliyesinzia.

Uganda si nchi ya kutupa fedha. Kila diski isiyohitajiwa ni dola iliyotoka, na kila dola iliyotoka bure ni viatu, ni dawa, ni paa la nyumba ya polisi pale Nsambya au Naguru ambalo halikutengenezwa. Nchi iliyojifunza kuhesabu askari wake mmoja mmoja baada ya kuumizwa na majina hewa haiwezi kushindwa kuhesabu gigabaiti zake. Wakuu na waamuru kipimo cha kwanza kifanywe kabla mwaka huu wa fedha haujafungwa, na hesabu zake zisomwe hadharani mbele ya wale ambao majina yao yamehifadhiwa humo.